Dagaa Wakikauka, Maji Yao Huenda Wapi?

Nimefundisha madarasa ya chini katika shule za msingi za Kigoma kwa miaka 16, na kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia hurudi kwenye mada ileile ya mzunguko wa maji. Nawaandikia walimu wenzangu wa darasa la kwanza hadi la tatu, pamoja na wazazi na walezi ambao huulizwa na watoto mvua inatoka wapi na wakajikuta hawana jibu la kumtosheleza mtoto wa miaka sita au saba. Ninayoyaeleza hapa nimeyapata darasani, mengine baada ya kukosea kwanza.

Katika miaka yangu ya mwanzo nilifundisha mada hii kwa mchoro. Nilichora ziwa sehemu ya chini ya ubao, jua pembeni, mshale unaopanda, wingu, matone yanayoangukia milimani na mto unaorudi ziwani. Watoto wakaunakili mchoro kwenye madaftari yao, wakakariri majina, na kwenye mtihani wakapata alama nzuri. Niliamini kwamba wameelewa. Siku moja, nikiwa nasahihisha madaftari, nilimwuliza mtoto mmoja wa darasa la pili mshale ule unaopanda unaonyesha nini, naye akanijibu bila kusita kwamba ni kamba. Nilipomwuliza ni kamba ya nini, akanieleza kwamba jua huvuta maji kwa kamba kama mama yake anavyoteka maji kisimani, kisha huyamwaga wakati wa mvua. Mtoto yule alikuwa amenisikia vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba jua huvuta maji, na katika maisha yake ya pale Ujiji kila kinachovutwa huvutwa kwa kamba, iwe ndoo ya kisimani au wavu wa wavuvi.

Jibu lile lilinifanya niupange upya mfululizo mzima wa vipindi. Niligundua kwamba mvua mtoto anaiona, mto anauona, ziwa analiona kila asubuhi akiwa njiani kuja shuleni, na hata wingu analijua kwa umbo na rangi. Sehemu moja tu ya mzunguko haionekani kwa macho, nayo ni safari ya maji kutoka chini kwenda juu, ile ambayo mimi nilikuwa nikiipitisha kwa mshale mmoja wa chaki. Ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu au mzazi ni huu: ukiwa na vipindi sita vya mada hii, vipindi vinne vitumie kwenye kupanda kwa maji, na viwili vilivyobaki vitatosha kwa mawingu, mvua na mito, kwa sababu huko macho ya mtoto yatakusaidia.

Hapa Kigoma tuna kifaa cha kufundishia ambacho hakihitaji kununuliwa mbali, nacho ni dagaa. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi au wa akina mama wanaoanika dagaa kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, na wamekua wakiona dagaa wakimwagwa asubuhi juu ya mchanga au vichanja wakiwa wanang'aa na kuteleza, kisha jioni wakikusanywa wakiwa wakavu, wepesi na wenye kulia mkononi. Jambo hilo wamelizoea kiasi kwamba hawaliulizi. Kazi ya mwalimu ni kuwafanya waliulize.

Nilifanya hivi mwezi wa Agosti, wakati jua la kiangazi ni kali na hewa ni kavu. Mzazi mmoja alitupatia dagaa wabichi, tukahesabu mia moja kwa sauti, darasa zima, tukawapima kwenye mizani ya duka la jirani na kuandika uzito wao ubaoni. Tukawaanika juu ya kipande cha wavu kilichoinuliwa kwa matofali manne, na chini yake nikatandika karatasi kavu. Watoto walipangiwa zamu za kuwalinda dhidi ya kunguru na paka, na walizifanya zamu hizo kwa umakini kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuwapa. Jioni tuliwahesabu tena, nao walikuwa mia moja kamili, lakini mizani ilisoma chini ya nusu ya uzito wa asubuhi. Tukaitazama karatasi iliyokuwa chini ya wavu: matone machache ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kukauka na kuacha madoa tu. Hapo ndipo nilipowauliza kwa mara ya kwanza: dagaa wote wapo, hakuna aliyeliwa, maji hayapo chini, basi yamekwenda wapi?

Namsihi mwalimu asiharakishe kulijibu swali hilo. Darasa langu lilinyamaza kwa muda, kisha mmoja akasema jua limeyanywa, mwingine akasema yamejificha ndani ya dagaa, na msichana aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba yameingia kwenye hewa. Sikumwambia yeyote kwamba amepata au amekosa. Niliwaambia tu kwamba kesho tutatafuta ushahidi, na usiku ule, kama nilivyosimuliwa na wazazi, swali liliulizwa katika nyumba kadhaa.

Kesho yake tulifuta ubao kwa kitambaa kibichi na kutazama unyevu ukipungua kuanzia pembeni, tukaloweka vipande viwili vya kanga vya ukubwa sawa na kuanika kimoja juani na kingine kivulini. Cha juani kilikauka kwanza, lakini cha kivulini nacho kilikauka. Jambo hili ni muhimu sana, kwa sababu mtoto anayedhani kwamba maji hupanda pale tu jua linapoyagusa, au pale tu yanapochemka, atashindwa kueleza kwa nini sakafu ya jikoni hukauka baada ya kupigwa deki. Maji hupaa wakati wote, kutoka mahali popote yalipo. Joto na upepo huyafanya yapae haraka zaidi. Kwa mtoto mdogo nasema kwamba maji yameundwa na vipande vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja, kwamba vipande hivyo havitulii, na kwamba vikipata joto huchangamka zaidi na vile vya juu huachana na wenzake na kuingia hewani. Maji yaliyoingia hewani kwa namna hiyo huitwa mvuke. Neno uvukizaji nalileta mwishoni kabisa, mtoto akiwa tayari ana kitu mkononi cha kulipachika. Watoto wetu wengi huongea Kiha nyumbani, na neno refu la Kiswahili cha kitabuni likitangulia, hubaki kuwa sauti ya kukariri.

Kuna kosa moja ambalo hata sisi watu wazima tunalifanya, na nilikaa nalo muda mrefu. Tunamwonyesha mtoto moshi mweupe unaotoka kwenye birika linalochemka na kumwambia kwamba ule ndio mvuke. Mvuke hauonekani. Ukitazama vizuri mdomo wa birika, utaona kwamba pale hasa unapotokea hakuna kitu cheupe, pana nafasi ndogo iliyo wazi, na weupe huanza mbele kidogo. Ile nafasi iliyo wazi ndiyo mvuke, na weupe ni mvuke uliokwisha kupoa na kuwa matone madogo sana ya maji. Mtoto akilijua hili mapema, hatapata shida kuelewa wingu, kwa kuwa wingu nalo ni matone. Jaribio la birika lifanywe na mtu mzima, watoto wakiwa wamesimama mbali, kwa maana mvuke wa maji yanayochemka huunguza vibaya hata kabla hujauona.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la chumvi ya Uvinza. Karibu na pale mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wa eneo lile wamekuwa wakiyachemsha maji hayo ili kupata chumvi kwa karne nyingi, tangu zamani sana kabla ya reli kufika. Watoto wa Kigoma wanaijua chumvi hiyo, na wengine wana ndugu Uvinza. Huyeyusha vijiko viwili vya chumvi katika sufuria ya maji, na kila mtoto huonja tone moja kwenye ncha ya kidole na kukunja uso. Kisha nayachemsha maji yale kwenye jiko la mkaa, nafunika, nasubiri, na kuinua kifuniko kikiwa kimejaa matone kwa ndani. Kifuniko kikipoa vizuri, watoto huonja matone yale. Hayana chumvi. Mwaka ambao nililifanya jaribio hili kwa mara ya kwanza, mtoto mmoja aliomba kuonja mara tatu, akarudi kuonja ya sufuriani, akarudi tena kwenye kifuniko, halafu akatamka peke yake, bila mimi kumsaidia, kwamba maji yamepanda yakaiacha chumvi chini.

Ugunduzi ule wa kijana mdogo ndio unaoeleza jambo kubwa la dunia nzima. Takriban asilimia 97 ya maji yote ya dunia yamo baharini na yana chumvi, hata hivyo mvua haina chumvi popote inaponyesha, kwa sababu maji hupanda peke yake. Katika sufuria moja mtoto ameona maji yakipaa, yakikutana na kitu cha baridi, yakigeuka matone, na matone yakidondoka yanapozidi kuwa mazito. Kwa mzazi asiye na nafasi ya majaribio mengi, hili moja linatosha, na linaweza kufanyika wakati maji ya ugali yanachemka.

Sehemu ya pili, yaani mvuke kurudi kuwa maji, huwa rahisi zaidi. Chukua chupa ya soda ya rangi ya chungwa kutoka kwenye friji ya duka, iweke mezani mbele ya watoto na uwaache waitazame inavyotoka jasho. Wengi watasema inavuja. Waambie wapanguse tone la nje na kulionja: halina utamu wala rangi, basi haliwezi kuwa soda. Maji yale yametoka kwenye hewa ya darasani, na chupa ya baridi imeyakusanya. Umande wanaoukanyaga kwenye nyasi asubuhi ni wa namna hiyohiyo, na kioo kinachopuliziwa pumzi ya mdomo nacho hufanya vivyo hivyo.

Kutoka hapo tunapanda hadi kwenye mawingu. Hewa hupungua joto kadiri mtu anavyokwenda juu, kwa wastani nyuzi sita na nusu hivi za Selsiasi katika kila kilomita moja, na ndiyo maana watoto waliowahi kupelekwa Kasulu au Kibondo husema kwamba kule kuna baridi kuliko huku kandokando ya ziwa. Mvuke ukifika kwenye baridi ya juu hujishika kwenye chembe za vumbi, moshi au chumvi ya bahari zinazoelea hewani, na kila chembe hupata vazi la maji. Tone la wingu ni dogo kiasi kwamba huelea tu, na huhitajika matone kama milioni moja ya aina hiyo kuungana ili lipatikane tone moja la kawaida la mvua. Watoto hawaijui milioni, lakini wanaijua haba na haba hujaza kibaba, na hiyo inatosha. Wanajua pia kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mimi huwaongezea kwamba kuna mawingu ambayo matone yake hayakuungana vya kutosha, nayo hupita bila kutuachia kitu.

Kuhusu vumbi na moshi, Kigoma hutupa onyesho lake lenyewe. Mwisho wa kiangazi, nyika zikichomwa huku na ng'ambo, hewa hujaa ukungu wa moshi na milima ya Kongo haionekani kabisa. Mvua za kwanza zikinyesha huisafisha hewa, na asubuhi inayofuata milima ile huonekana ng'ambo ya ziwa kana kwamba imesogezwa karibu usiku. Toka nje na watoto siku hiyo, hata kama ratiba ya vipindi inasema vingine.

Safari ya maji yakiwa ardhini sielezi kwa kirefu, kwa sababu watoto huimalizia wenyewe. Mengine hutiririka hadi Luiche au Malagarasi na kuingia ziwani, mengine huzama na kuja kutokea kwenye chemchemi na visima, mengine hunywewa na mizizi ya michikichi na miembe na kutolewa tena hewani kupitia majani. Hili la majani huonekana vizuri ukiingiza ncha ya tawi lenye majani mabichi ndani ya chupa ya plastiki iliyo kavu, ukaufunga mdomo wake kwa kitambaa na kuiacha juani kuanzia asubuhi hadi mchana. Chupa huota matone kwa ndani. Zamani nilitumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na chupa inafaa vilevile.

Swali moja hujitokeza kila mwaka, nalo ni zuri kuliko yote: mito yote inaingia ziwani, mbona ziwa halijai likatumeza? Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, ulio upande wa Kongo, ambao hupeleka maji kwenye mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Lakini sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoondoka ziwani haipiti Lukuga, bali hupaa angani kama maji ya dagaa wetu. Kila mwaka ziwa hupoteza kwa njia hiyo tabaka la maji lenye kina cha zaidi ya mita moja, na hurudishiwa na mvua inayoliangukia moja kwa moja pamoja na maji ya mito. Kwa ziwa lenye kina cha mita 1,470 tabaka hilo ni jembamba, lakini mizani yake ikiyumba tunaona. Kuanzia mwaka 2020, baada ya mvua nyingi kufuatana, ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba na maeneo ya biashara ya kandokando, na nilikuwa na wanafunzi ambao familia zao zililazimika kuhama. Kwa watoto wale nililieleza jambo hilo taratibu na kwa maneno machache: mwaka ule yaliyorudi yalikuwa mengi kuliko yaliyopaa. Mtoto aliyeona maji yakiingia chumbani mwao ana haki ya kuelezwa sababu, na maelezo humpunguzia hofu kuliko kunyamaziwa.

Jihadhari na mchoro unaomfanya mtoto aamini kwamba mvua ya Kigoma hutoka katika ziwa la Kigoma peke yake. Mvuke husafiri. Kwa wastani maji hukaa angani siku kama tisa kabla ya kuanguka, na katika siku hizo upepo huweza kuyabeba mbali sana. Sehemu ya mvua yetu ilitoka Bahari ya Hindi, na sehemu nyingine kwenye misitu mikubwa ya Kongo ambako majani yasiyohesabika yanafanya kazi ileile ya tawi letu ndani ya chupa.

Wazazi kadhaa wamewahi kuniuliza kama mafundisho haya hayapingani na yale ambayo watoto hupewa madrasa au kanisani, kwamba mvua huletwa na Mungu. Sijawahi kumsahihisha mtoto aliyesema hivyo, na simshauri mwalimu yeyote afanye hivyo. Mimi nafundisha njia ambayo maji hupita, na mtoto huendelea kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa mvua kama alivyofundishwa kwao.

Mwisho wa vipindi siwapi watoto kazi ya kutaja majina ya hatua, maana nimeshaona jinsi mtoto anavyoweza kuyataja yote huku akiwa bado na kamba kichwani. Nawapa swali la nyumbani kwao. Mwaka jana niliuliza kwa nini dagaa wanaoanikwa Agosti hukauka kwa siku moja, na wale wa Desemba huweza kukaa siku tatu na wengine wakaoza, hata kama katikati ya mvua jua limetoka. Nilitegemea kusikia habari za mawingu. Mvulana mmoja, ambaye mama yake huanika dagaa Katonga, alifikiri kwa muda mrefu akiwa ameshika kalamu mdomoni, kisha akasema kwamba Desemba hewa imeshabeba maji mengi, kwa hiyo ya dagaa hayapati nafasi.